Kanzu nyeupe na lenzi nne

Asubuhi ya Idd mwaka 1978 ami yangu alisimama Kibokoni, hapa Mji wa Kale Mombasa, akawapiga picha wanaume watano mbele ya mlango wa nakshi. Wa pili kutoka kushoto ni babu yangu. Kanzu aliyovaa ni ya darizi, nyeupe juu ya nyeupe: uzi unazunguka shingo, unashuka kifuani, unaishia kwenye kishada. Mlango ulio nyuma yao umepakwa mafuta mwaka baada ya mwaka hadi umekuwa mweusi ti. Filamu ni Ilford FP4 ya milimita 35, na ami, Mungu amrehemu, aliisafisha kwa uangalifu. Ukiiweka negativu juu ya kioo chenye taa na kuitazama kwa lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia, darizi yote unaiona, mshono kwa mshono.

Kwenye karatasi ilikataa kutoka.

Enlaja, mashine ya kukuzia negativu kwenye karatasi, ninayo, ile ile Durst M601 aliyoitumia ami, na lenzi ilikuwa ile ile aliyoiacha juu yake, Schneider Comparon 50 mm f/4. Nilipoitoa picha mara ya kwanza, kanzu zote tano zilikuwa na rangi ya jivu. Nikaongeza kontrasti kwa kichujio namba 4. Kanzu zikawa nyeupe, lakini darizi ikafutika na nakshi za mlango zikazama zote kwenye weusi. Nikarudi namba 2, darizi ikaonekana kwa mbali sana, imefunikwa na kijivu. Nilibadilisha dawa, nikabadilisha karatasi. Nilishuku taa nyekundu, nikaweka sarafu juu ya karatasi chini ya taa hiyo kwa dakika kumi kisha nikaisafisha. Karatasi ilitoka nyeupe pote, hapakuwa na alama yoyote ya sarafu. Taa haikuwa na kosa.

Mzee mmoja aliyefanya kazi ya studio tangu ujana wake ndiye aliyenifungua macho. Nilimpelekea picha tatu, akazitazama mlangoni kwenye mwanga wa jua, akazigeuzageuza, akaniuliza neno moja tu: "Lenzi umeitazama kwa tochi, mwanangu?"

Sikuwa nimeitazama kwa tochi. Nilikuwa nimeitazama mezani, mchana, nikaona kioo safi. Usiku huo niliifungua kutoka kwenye enlaja, nikaliacha tundu lake la kupitishia mwanga wazi kabisa, nikamulika tochi ya simu kutoka nyuma kwa mshazari huku nikitazama kutoka mbele. Kioo kilijaa utando wa maziwa, kama dirisha la jikoni ambamo watu wamekaanga samaki miaka na miaka bila kulifuta. Pembeni kulikuwa na nyuzi nyembamba mbili tatu za kuvu. Lenzi hiyo ilikuwa imekaa zaidi ya miaka arubaini umbali wa hatua chache kutoka baharini.

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda kulielewa, kwa sababu linakwenda kinyume na mazoea ya kamera. Kwenye kamera, lenzi yenye utando huharibu weusi. Mwanga wa angani unatapakaa ndani ya vioo na kumwagikia vivuli, na nywele nyeusi zinakuwa za kijivu. Kwenye enlaja mambo yamepinduka, kwa kuwa negativu yenyewe imepinduka. Ule mlango mweusi, kwenye negativu, ni sehemu angavu iliyo karibu na uwazi mtupu, na hapo ndipo mwanga mwingi wa taa unapopita. Kanzu ndiyo sehemu nzito inayopitisha mwanga kidogo sana. Lenzi ikiwa na utando, mwanga wa mlango unatapakaa na sehemu yake inaangukia mahali pa kanzu kwenye karatasi. Karatasi inaupokea tu, haiulizi umetoka wapi. Kanzu inaingia kijivu, na kwa kuwa tofauti kati ya kitambaa na uzi wa darizi ni ndogo mno, hiyo ndiyo inayozama kwanza.

Kwa hiyo enlaja yenye lenzi chafu haikupi picha isiyo na weusi. Inakupa picha isiyo na weupe. Tangu nilipolielewa hilo, nikisoma watu wanavyolinganisha lenzi za zamani za enlaja kwa ukali wa kona peke yake, naona wamepima nusu ya kazi. Hasa sisi wa pwani, ambao nusu ya picha zetu za zamani ni za watu waliovaa nyeupe.

Niliamua kuzilinganisha mwenyewe. Ya kwanza ni hiyo Comparon ya ami. Ina vioo vinne, mpangilio wa ukoo wa Tessar ambayo Paul Rudolph aliibuni kwa Zeiss mwaka 1902, na kwa Schneider ilikuwa daraja la kati: chini yake kuna Componar yenye vioo vitatu, juu yake Componon yenye sita. Ya pili ni Componon-S 50 mm f/2.8, ambayo mpwa wangu aliniletea kutoka Ujerumani ndani ya soksi kwenye begi la mkononi. Ya tatu ni EL-Nikkor 50 mm f/2.8 ya toleo la zamani, mwili wote chuma, imeandikwa Nippon Kogaku, jina la kampuni kabla ya kuitwa Nikon. Ina vioo sita katika makundi manne. Niliipata Nairobi kwenye studio iliyokuwa ikifunga chumba chake cha giza. Ya nne ni Vega-11U 50 mm f/2.8 ya Urusi ya Kisovieti, vioo vitano. Juu yake imeandikwa ВЕГА-11У, na hiyo herufi ya mwisho, ingawa inafanana na Y, husomwa "u". Ndiyo inayoonyesha kwamba lenzi ni ya kukuzia picha. Kulikuwa na ya tano, Rodagon ya Rodenstock, niliyonunua kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeapa kwamba ni safi. Ilifika na kuvu iliyokwisha kula kioo, nikaitoa kwenye hesabu.

Zote nne zinaingia kwenye uzi wa skrubu wa milimita 39, ule ulioenea kwa ajili ya kamera za Leica. Ni neema kubwa, maana unafungua moja na kufunga nyingine bila kubadilisha sahani inayoshika lenzi.

Kabla ya lenzi yoyote niliinyoosha enlaja. Nilitumia pimamaji ndogo ya fundi mwashi: kwanza kwenye ubao wa chini, kisha kwenye kishikio cha negativu, kisha kwenye sahani ya lenzi, huku na huku. Kishikio kilikuwa kimeinama kidogo upande wa kulia, na kipande cha karatasi ngumu kikakiweka sawa. Ukiruka hatua hii utailaumu lenzi bure. Alama yake ni rahisi kuijua: kona za upande mmoja zikiwa kali na za upande wa pili zimelegea, lenzi haina kosa, mashine imepinda. Lenzi dhaifu hulegeza kona zote nne.

Pia nilipaka ukuta ulio nyuma ya enlaja rangi nyeusi isiyong'aa, na nikakata kipande cha karatasi nyeusi cha kuziba matundu ya pembeni ya filamu. Matundu yale ni uwazi mtupu. Yakiachwa, yanamimina mwanga mkali ndani ya lenzi na kuuongeza ule unaotapakaa.

Picha yenyewe niliikuza hadi sentimita 26 kwa 39, ili ienee kwenye karatasi ya 30 kwa 40. Hiyo ni karibu mara kumi na moja ya negativu, na lenzi inakaa karibu sentimita 60 juu ya karatasi. Sikutumia karatasi nzima kila mara, ni ghali na kwetu hazipatikani duka la jirani. Nilikata vipande: kimoja juu ya kifua cha babu pamoja na mlango ulio nyuma ya bega lake, kingine kwenye kona ya juu kushoto ambako kuna msumari wa shaba wa mlango, kingine kona ya chini kulia kwenye mawe ya barabara. Lenzi zilizoandikwa 50 hazilingani sawasawa, kwa hiyo kila nilipobadilisha nilipima upana wa picha kwa rula na kusogeza kichwa cha enlaja juu au chini hadi ukalingana.

Jambo nililolishikilia kuliko yote ni weusi. Sikutoa kila lenzi sekunde zile zile, kwa sababu f/8 ya moja haipitishi mwanga sawa kabisa na f/8 ya nyingine (hiyo f ni kipimo cha tundu: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Nilitafuta kwa kila moja sekunde zinazoufanya mlango ufike weusi ule ule, nikilinganisha na kipande cha mfano nilichokikausha. Weusi ukishalingana, ndipo unapoitazama kanzu. Kichujio namba 2½ kwa zote, karatasi ya Ilford Multigrade kutoka boksi moja, dawa moja.

Kuhusu dawa, anayeishi Mombasa anajua. Maji ya bomba hapa hutoka na joto la digrii 29 au 30, na maelekezo ya boksi yanataka 20. Mimi huweka trei ya dawa ndani ya beseni kubwa lenye maji na mifuko ya barafu, na nilihangaika usiku mzima kuibakiza kwenye 22. Kwa kulinganisha, dawa kubaki pale pale kutoka kipande cha kwanza hadi cha mwisho ni muhimu kuliko kuifikisha kwenye namba ya boksi.

Sasa matokeo. Nilivipanga vipande vya kifua cha babu mezani asubuhi yake, vimekauka, kwenye kivuli cha baraza.

Kipande cha Comparon, pamoja na utando wake, sikuhitaji kusoma nilichoandika nyuma. Kilionekana kutoka hatua tatu, cha kijivu. Vingine vitatu vilikuwa na kanzu nyeupe, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili niliona darizi ya babu kwenye karatasi niliyoitoa kwa mkono wangu. Nilikaa pale barazani kwa muda mrefu. Mshono wa shingo ni wa mistari mitatu, wa katikati mpana kuliko wa pembeni, na kishada kimeelekea kulia kwa sababu babu alikuwa amegeuza bega kidogo. Hilo la kishada sikuwahi kuliona.

Kati ya hizo tatu safi, tofauti za weupe zilikuwa ndogo. Componon-S na EL-Nikkor nilishindwa kuzitenganisha kwenye kanzu, nikamwita mke wangu naye akashindwa. Vega ilikuwa nyuma yao kidogo sana, kiasi ambacho usingekijua bila kuviweka vipande bega kwa bega. Kwa bei niliyoinunulia Vega, ambayo haikufika robo ya ile ya Componon-S, mtu anayeanza leo angeweza kuitumia miaka mingi bila manung'uniko.

Kwenye kona ndipo vioo sita vilipojionyesha. Ule msumari wa shaba una duara ndogo iliyochongwa kichwani. Kwa Componon-S na EL-Nikkor kwenye f/8 duara ilikaa kamili na punje za filamu zilikuwa kali hadi ukingoni. Kwa Vega duara ipo lakini punje zimelainika. Kwa Comparon kwenye f/8 imelegea zaidi, ila ukifunga hadi f/11 inakaza vya kutosha kwa ukubwa ule. Niliijaribu pia kwenye picha ndogo ya 16 kwa 24, na hapo kona zake zilikuwa nzuri hata kwenye f/8. Nadhani hiyo ndiyo kazi iliyotengenezewa, na ndiyo kazi ami aliyokuwa akiifanya kila siku: picha za postikadi na za 13 kwa 18 za kupelekea jamaa Lamu na Uarabuni.

Kwenye f/16 nilizijaribu zote mara moja tu. Picha nzima hulainika, katikati na pembeni, kwa lenzi yoyote ile, maana mwanga ukipita kwenye tundu dogo namna hiyo hutawanyika. Ukiona mtu anafunga tundu hadi mwisho akidhani anaongeza ukali, mshike mkono. Na fokasi ikamilishe kwenye tundu lile lile utakalochapia, si kwenye tundu lililo wazi tu, kwa sababu lenzi nyingine husogeza fokasi unapozifunga. Lupu ya kutazamia punje inatosha kuonyesha hata kwenye f/8, ukiyapa macho dakika kadhaa za kuzoea giza.

Kwa mikono, Componon-S inanipendeza zaidi. Ina dirisha dogo linaloangaza namba za tundu kwa mwanga wa enlaja yenyewe, nikiwa gizani naona nipo wapi. EL-Nikkor ya chuma haina hilo. Naifungua kabisa kisha naisikiliza ikibofya, nikihesabu kwa kidole. Lakini pete yake inazunguka kwa uzito mmoja mwanzo hadi mwisho, baada ya miaka yote hiyo, na kila nikiishika namheshimu aliyeitengeneza.

Ilibaki Comparon. Sikuwa na moyo wa kuiweka kabatini. Vioo vya mbele na vya nyuma vya lenzi hizi vimefungwa katika makundi mawili yanayojifungua kutoka kwenye mwili, moja mbele na moja nyuma ya yale majani ya tundu. Nilitumia kipande cha mpira wa kufungulia vifuniko vya chupa, nikakikandamiza kwenye ukingo na kuzungusha taratibu. Kundi la mbele lilikubali mara ya pili. Utando ulikuwa upande wa ndani, ule unaotazama majani ya tundu, kwa sababu mafuta ya majani hayo hufuka kidogo kidogo kwa miaka na kutua kwenye kioo kilicho karibu. Nilitumia spiriti safi isiyo na maji mengi na karatasi ya lenzi, nikifuta kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje, karatasi mpya kila mara. Karatasi ya kwanza ilitoka na rangi ya chai. Ya nne ilitoka nyeupe. Nyuzi mbili za kuvu zilifutika, moja imeacha mkwaruzo mwembamba kama unywele, pembeni kabisa.

Nikairudisha kwenye enlaja, nikatoa kipande kile kile cha kifua. Kanzu nyeupe. Nilikiweka katikati ya cha Componon-S na cha Vega, na kwenye weupe kilikuwa karibu zaidi na Componon-S. Lenzi ya ami ya vioo vinne, iliyoanzia mwisho kabisa, ilipanda hadi nafasi ya tatu kwa karatasi nne za kufutia, na kwenye kanzu peke yake ningeipa ya pili. Kilichobaki kuitenganisha na zile za vioo sita ni zile kona za picha kubwa.

Kwa hiyo anayeniuliza anunue lenzi gani ya zamani, namwambia kwanza aombe picha ya lenzi ikiwa imemulikwa tochi kutoka nyuma, tundu wazi kabisa. Muuzaji anayekataa kutuma picha hiyo, achana naye, hata jina la lenzi liwe kubwa kiasi gani. Kwa picha za hadi 20 kwa 25, lenzi safi ya vioo vinne inakutosha. Ukitaka 30 kwa 40 na kuendelea, tafuta ya vioo sita. Kati ya Schneider, Rodenstock na Nikon chagua iliyo safi na iliyo karibu na mfuko wako. Ukishaipata, usiifungie kwenye kasha la ngozi. Ngozi inashika unyevu, na kuvu inaupenda. Zangu zinakaa ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya vidonge vya kukausha ambavyo navipasha moto kwenye kikaango kila baada ya wiki kadhaa.

Picha kamili niliitoa Ijumaa iliyofuata, kwa Componon-S, f/8, kwenye karatasi ya pamba ya 30 kwa 40. Nilikinga mlango kwa kiganja sekunde tatu ili nakshi zisizame, na sehemu ya kanzu nikaiacha bila kuigusa. Niliiosha saa nzima, nikaitundika usiku kwa vibanio viwili, na mchana nikampelekea shangazi, dada yake ami, anayekaa Kuze. Aliivulia miwani na kuisogeza karibu na uso. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye shingo ya babu.

"Hii darizi aliifanya mama," akasema. "Miezi mitatu. Mimi nilikuwa namshikia uzi."